Yai la Rafu ya Tatu

Kila asubuhi saa moja na nusu, Mama Digrii alivua viatu mlangoni, akaingia chumba cha mayai na kusoma kipimajoto. Katika shamba hilo la mamba, mayai yalikaa nyuzi thelathini na mbili, kwa sababu meneja alitaka madume: hukua upesi na ngozi yao ni pana. Joto likishuka hadi thelathini, hutoka majike. Likipanda hadi thelathini na tano, hutoka majike vilevile. Jina la Digrii alipewa na wenzake wa kazini kwa ajili ya nyuzi hizo, ingawa chuo alikisikia tu redioni, na kwa miaka tisa hakuharibu hata trei moja.

Nyumbani alikuwa na mabinti watatu. Husemwa ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Yeye hata mkosi huo ulimpita kando. Mimba ya nne ilipoingia, mumewe, mkata nyama ya kulishia mamba, alimwambia bila kupandisha sauti kwamba akija wa kike tena, ataoa mwingine. Naye alimpenda mumewe, ndiyo shida yenyewe.

Siku ya kujifungua alitaga yai. Mkunga alilifuta, akalipima, akaandika kilo mbili na robo kwenye kadi, kisha akauliza kama wana mahali penye joto. Walikuwa napo. Mama Digrii alilitia alama ya penseli upande wa juu, kwa maana yai la namna hiyo halipinduliwi, na mumewe akalipakata hadi rafu ya tatu. Meneja hakukataa. Alimpa mama likizo ya uzazi, kama kanuni zinavyotaka, na kuuchukua ufunguo wake wa chumba. Ufunguo ukaenda kwa mume, na mume akampa mama yake.

Mama mkwe alikuja na kigoda, akaketi mbele ya rafu. Kila rafu ilikuwa na kitufe chake cha joto. Alikizungusha cha rafu ya tatu mpaka thelathini na tano.

"Mama, nakuomba, usizidishe," Mama Digrii alisema akiwa mlangoni. "Joto ndilo linaloamsha homoni, na homoni ndizo zinazoamua. Hapo tutapata msichana."

"Mwanamume ni moto, mwanangu. Wewe umezaa wangapi wa kiume?"

"Sijazaa."

"Basi niachie mimi."

Mlango ukafungwa. Alimwendea mumewe, akaambiwa mama hakosei. Alimwendea meneja, naye akasema mambo ya ukwe hayaingilii. Ikawa kila siku anasimama nje ya dirisha na kusoma kipimajoto kupitia kioo: thelathini na tano, thelathini na tano. Alilia mpaka akachoka, kisha akaendelea kusoma, maana kazi ikishazoewa haiachi mtu.

Siku ya themanini na tatu mtoto aliita kutoka ndani ya yai, kama waitavyo mamba wadogo siku ya kutoka. Aliita mama. Bwawani majike wote waliinua vichwa. Nje ya kioo, maziwa yalimlowesha Mama Digrii blauzi.

Alikuwa msichana, mzima, mwenye sauti. Mama mkwe alimtazama mara moja tu.

"Nilisema mimi," alimwambia mwanawe. "Tumbo la huyu halitoi mwanamume."

Mume alinawa mikono na kuitikia kwa kichwa. Harusi ilifanyika mwezi uliofuata, na meneja alichangia viti.

Likizo ilipokwisha, Mama Digrii alirudishiwa ufunguo. Alimfunga mtoto mgongoni na kuishusha rafu ya tatu hadi thelathini na mbili. Kabla ya mwaka kwisha, mke mdogo alikuja mlangoni, akavua viatu kwa adabu. Alikuwa amepakata yai lake.

"Shikamoo, dada. Eti la mwanamume ni nyuzi ngapi?"

"Marahaba. Thelathini na mbili."

Mke mdogo alitabasamu kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kuonywa.

"Mama kaniambia thelathini na tano," alisema. "Yuko njiani, anakuja na kigoda."