Nusu Gramu

...na bado inapanda, kalamu ya mashine, inachora mlima kwenye karatasi ambayo kwa miezi mitatu haikuona hata kichuguu, na yeye amesimama kidole kikiwa kwenye koki ya kikombe cha kioo, akiifungua tu maji ya chumvi yatashuka, pete ile, kipande cha njia ya hewa kilichotundikwa humo, italegea, na hakuna atakayejua, "Basi naituma leo," anasema Daktari kutoka mlangoni, ripoti mkononi, "kwamba watoto wa sungura vipokezi vyao vya kubana kifua bado vimelala, vipimo vyako si ndivyo vinavyosema?"... vipimo vyake, ndiyo, jina lake ndilo la kwanza pale juu, yeye aliyetundika kila pete kwa mvuto wa gramu mbili kama alivyozoea kwa sungura wakubwa, akaivuta misuli michanga ikachoka kabla haijaanza, kisha akaandika haiwezi, kama shangazi yake alivyomtwika ndoo ya watu wazima akiwa na miaka sita, akaanguka nayo, shangazi akasema huyu goigoi, mpaka mama alipompa kidumu cha kimo chake, naye akakifikisha nyumbani bila kumwaga tone... tone moja tu leo, tone la neuropeptidi, ujumbe ule ule ambao neva hutoa moshi ukiingia kifuani, na hiki kipande cha njia ya hewa, kipana kama tundu la kifungo, kimeupokea na kujikunja kwa nguvu zake zote, mtoto wa siku kumi, jamani, na kwenye kikombe cha pili, alikotangulia kuviziba vipokezi kwa dawa, pete imetulia tuli, kwa hiyo si bahati, ni vipokezi, viko macho, vilikuwa macho siku zote, anataka kukipigia saluti... "Leo jaribu nusu gramu, mwanangu," Fundi, mzee wa kuosha vyombo vya maabara, alimwambia asubuhi, basi, akarudi kwenye sinki lake, na hata sasa anasuuza vioo vilivyokwisha kutakata, hageuki, mzee huyu alijua, tangu lini, angeweza kumuumbua kikaoni akaona amsitiri, na sasa amemwachia koki mkononi, hodari kuliko wenye vyeti wote wa jengo hili, na yeye anaona haya, na anampenda... miezi mitatu, Daktari atawaka, jina huenda likafutwa, lakini wapo watoto wanaobanwa kifua, na daktari wao akisoma kwamba vipokezi vimelala atawanyima dawa ya kuviziba, kwa sababu ya nani, kwa sababu yake, "Dada, nimekuuliza," anasema Daktari, na maji kwenye sinki yamenyamaza, kalamu bado iko juu, kikombe bado kimejaa, ila kidole kimetoka kwenye koki, hajui kimetoka saa ngapi, "Usiitume," anasema, "nilikosea mimi, niliwabebesha uzito wa wakubwa, njoo uone anavyoweza."