Kijiti Namba Mbili

Naandika maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba, ili ijulikane wazi jinsi nilivyokaribia kuua kazi ya mama yangu kwa masharubu.

Nianze na mama mwenyewe. Ni mtafiti wa metali za joto kali. Watu wakisikia hivyo huuliza kama anachomelea mageti. Hachomelei mageti. Anatengeneza aloi, yaani metali kadhaa zilizoyeyushwa pamoja zikawa kitu kimoja, kwa ajili ya mapanga ya mitambo ya gesi inayozalisha umeme. Mapanga hayo huzunguka ndani ya moto ambao ungegeuza sufuria ya nyumbani kuwa uji, na hayaruhusiwi kupinda, kukatika wala kulalamika. Mama alikuwa ameshajaribu michanganyiko kumi na minane, yote ikamwangusha. Wa kumi na tisa ulikuwa na nikeli nyingi, kromi kiasi, na vikorombwezo vingine ambavyo hanitajii kwa sababu ananifahamu.

Baba ni fundi cherehani. Yeye hupima viuno vya watu kwa tepe. Mama hupima vyuma kwa kifaa kinachoweza kusoma unene wa unywele. Nimelelewa na watu wawili wanaopima kila kitu, nikatoka mimi nisiye na kipimo. Hayo ni maneno ya matroni wa bweni letu, aliyoyatoa baada ya tukio la sabuni kwenye tangi la maji, ambalo halihusiani na shauri hili.

Siku ya kwanza ya likizo mama alinichukua kwenda maabara, kwa kuwa baba alikuwa na sare za kwaya nzima za kushona na hakutaka msaada wangu. Alitumia neno "msaada" kwa sauti fulani hivi.

Maabara ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na harufu ya vumbi lililopata joto. Kuna tanuru mbili, kila moja imesimama kama pipa jembamba, na ubavuni ina kisanduku chenye tarakimu nyekundu zinazohesabu saa. Mtunzaji wake ni fundi mmoja mzee wanayemwita Nyuzi, kwa sababu ukimsalimu asubuhi, kabla hajakujibu, atakusomea tanuru ina nyuzi ngapi za joto.

"Shikamoo, Mzee Nyuzi."

"Mia tisa na hamsini kamili. Marahaba, bibi mdogo. Umefukuzwa shule?"

"Likizo."

"Bado mapema," alisema, akarudi kwenye tarakimu zake.

Jaribio lenyewe ni ukatili mtupu. Unachukua kijiti cha ile aloi, unene wa penseli, urefu wa kidole. Unakining'iniza ndani ya tanuru, unakifunga mzigo mzito upande wa chini, unawasha moto, kisha unakaa. Kikivumilia saa elfu moja, karibu wiki sita, aloi imefaulu na itamiminwa kuwa panga la kweli. Kikikatika kabla, kwaheri. Siku ile kijiti namba moja kilikuwa tayari ndani ya tanuru ya kwanza, saa ya mia mbili na ishirini. Namba mbili, tatu, nne na tano vilikuwa vimelala kwenye kisanduku chenye pamba, vimeoshwa kwa spiriti, na haviguswi ila kwa glavu.

"Usiguse kitu," mama alisema, akatoka kupokea simu kwenye korido.

Sikugusa kitu. Kalamu ndiyo iliyogusa.

Nilikuwa na kalamu ya rangi ya fedha, ya bei ya chini, niliyonunua kwa ajili ya kuandika kadi za rafiki zangu. Nikakumbuka shule. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa nidhamu, mwenye masharubu yaliyopinda juu pembeni kama mikono ya baiskeli, na nyasi zote alizonifyekesha. Nikawaza: na yeye aadhibiwe, angalau mara moja. Katikati ya kijiti namba mbili nikamchora, uso wote, ukubwa wa punje ya mahindi, masharubu yakizunguka hadi upande wa pili. Nilimhukumu saa elfu moja kwa nyuzi mia tisa na hamsini. Rangi ya fedha juu ya chuma cha rangi ya fedha. Usipokigeuza kuelekea dirishani huoni chochote. Mama aliporudi nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, nikifanana na picha ya mtoto mwema.

Siku mbili baadaye Nyuzi alikining'iniza kijiti kile kwenye tanuru ya pili. Nikahesabu siku za mwalimu kwa furaha kubwa.

Kilikatika saa ya sitini na moja.

Nilijua habari hiyo jikoni, mchana. Mama aliingia na mfuko mdogo wa plastiki wenye vipande viwili, akauweka mezani kando ya chumvi. Hakuvua hata viatu. Baba alizima cherehani sebuleni, akaja akasimama mlangoni, tepe shingoni.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Sitini na moja."

"Na kile kingine?"

"Kinaenda. Lakini Mkuu wa maabara anasema kimoja kati ya viwili ni sawa na kubahatisha. Ijumaa nitasaini barua ya kufunga utafiti. Tanuru wanapewa wengine." Akafungua daftari lake. "Nimekosea mahali. Nadhani ni kromi."

Basi akaanza kuhesabu upya. Alihesabu siku ile, akahesabu kesho yake asubuhi, chai ikipoa pembeni. Kila aliporudi mwanzo wa ukurasa alijilaumu kwa sauti ndogo: labda niliipoza haraka, labda sikukoroga vya kutosha. Miaka mitatu ya kazi ilikuwa imelala mezani, nayo ilikuwa inatafutiwa kosa na mtu ambaye hakuwa amekosa.

Sasa lazima nieleze sheria za bweni. Kwetu mtu hakiri kosa mpaka aulizwe mara tatu, na mara ya tatu anakiri la mwenzake aliyehama shule. Nilijiandaa kuulizwa. Nilikuwa na majibu ya akiba. Ila mama hakuniuliza. Haikumpitia akilini kabisa kwamba kati ya watu wote wanaoweza kuharibu kijiti, nyumbani kwake alikuwa anafuga mmoja. Aliniamini, na kwa jambo hilo sikuwa na mazoezi.

Nilivumilia mpaka saa tano. Kijiti changu kikakatika.

"Mama, siyo kromi."

"Mh."

"Ni masharubu."

Akainua kichwa. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, nikitazama kile kichupa cha chumvi kwa sababu ndicho pekee kilichoweza kunivumilia. Sebuleni cherehani ilisimama katikati ya mshono.

Nilitegemea kofi, machozi, au lile neno "kwa nini" ambalo wazazi hulipenda. Mama aliutazama ule mfuko, akautazama uso wangu, kisha akasema, polepole:

"Kalamu iko wapi?"

"Chumbani."

"Ilete. Na usiiguse ncha."

Dakika ishirini baadaye tulikuwa maabara. Aliweka kipande cha kijiti chini ya hadubini, akakigeuza kidogo kidogo. Halafu akanisogezea kiti. Mwalimu wangu wa nidhamu alikuwa amebaki nusu: jicho moja na sharubu moja. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye ile sharubu yenyewe, ukafuata mstari niliouchora kana kwamba niliuchorea njia.

"Metali ina punje ndogo ndogo, kama vyumba vya bweni," mama alisema. "Kati ya punje na punje kuna mpaka. Hii rangi yako ina zinki, imeandikwa ubavuni mwa kalamu. Zinki inayeyuka mapema sana. Ikishayeyuka inapenya kwenye mipaka, inatembea koridoni, inafungua milango yote. Mzigo ukivuta, jengo linaachana."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeingiza mwizi bwenini."

"Ukamchorea na uso." Alikuwa hacheki, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Adhabu yako ipo. Usidhani nimesahau. Sasa twende kwa Mkuu."

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamume mnene, msafi, mwenye mhuri mezani na mkono usiokaa mbali nao. Nilisimama mbele yake, nikakiri kwa mara ya pili siku hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya maisha yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mama.

"Daktari, nakuheshimu. Lakini mtafiti akifeli hakosi wa kumsingizia. Kuna aliyesingizia umeme. Mwingine alisingizia panya. Wewe umekuja na mtoto."

Damu ilinichemka. Mimi nimesingiziwa mambo mengi, na mengine nilikuwa nimeyafanya, ila kusingiziwa kwamba ni kisingizio ilikuwa mara ya kwanza. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu bila kunitazama.

"Sikuombi uniamini, Mkuu," alisema. "Nakuomba siku kumi za tanuru ya pili. Namba tatu tunakichora, mbele yako, kwa kalamu ileile, mkono uleule. Kikikatika tunaweka namba nne, kisafi. Kama namba nne nacho kitakatika ndani ya siku hizo, barua nitasaini mimi mwenyewe, na hutanisikia tena."

"Na namba moja?"

"Namba moja kiachwe kiende. Hakimdai mtu chochote."

Mkuu aliusogeza mhuri wake pembeni. "Siku kumi," alisema. "Halafu wewe binti, umechora nini hasa?"

"Mwalimu wa nidhamu."

Alikohoa. Nadhani naye aliwahi kusoma bweni.

Basi nikawa mtu wa kwanza katika familia yetu kuamriwa kurudia kosa lilelile chini ya ulinzi. Nilivaa glavu na koti jeupe lililonifika visiginoni. Nyuzi alishika taa. Mkuu alisimama nyuma yangu. Mama alipima kwa kifaa chake ukubwa wa uso wa kwanza kwenye picha aliyoipiga kwa hadubini, akaniambia milimita ngapi kutoka sikio hadi sikio. Kuchora mzaha kwa amri ni kazi ngumu mno; mwalimu akatoka na huzuni ambayo hakuwa nayo awali.

"Sharubu ya kushoto imezidi," mama alisema.

"Ndivyo alivyo, mama."

"Andika," akamwambia Nyuzi, "sharubu ya kushoto imezidi nusu milimita."

Na Nyuzi akaandika. Ipo kwenye kumbukumbu rasmi.

Kijiti namba tatu kilikatika saa ya hamsini na nane, kwenye sharubu. Nyuzi alitupigia simu asubuhi, na mama alipoisikia habari hiyo alipiga kofi mezani kwa furaha, chai yote ikaruka. Sijawahi kuona mtu akishangilia kitu chake kukatika. Baba alisema, "Hongera," kisha akaniuliza kwa siri kama hongera ndilo neno lenyewe.

Namba nne kikaingia kisafi. Sasa hapo ndipo tulipougua. Saa ya hamsini na nane mama alikuwa amekaa mbele ya tanuru, mikono kwapani. Ikapita. Sitini na moja, ikapita. Mia moja. Kila siku nilikwenda kufagia ile sakafu ya saruji, ambayo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na kila siku nilifagia zaidi karibu na tarakimu nyekundu kuliko mahali penye vumbi. Siku ya kumi, namba nne kilikuwa saa ya mia moja na sabini, kimetulia kama mtu anayengoja basi. Mkuu alikuja, akasoma, akaichana ile barua.

"Sasa namba mbili na namba tatu uziondoe kwenye ripoti," alisema. "Ni ajali ya mtoto. Zitakuchafulia karatasi."

"Zinabaki," mama alisema. "Ukurasa wa tisa, na picha. Kuna fundi mahali fulani atakayeandika namba kwenye panga kwa kalamu ya dukani, na mtambo wote utamvunjikia. Afadhali asome kwetu."

Nilikuwa nimeinama na fagio. Nilibaki nimeinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana uso wangu ulikuwa na tabasamu ambalo mtu anayetumikia adhabu hapaswi kuonekana nalo. Yule alikuwa mama yangu. Angeweza kuficha aibu ya nyumba yake kwa neno moja, tena kwa ruhusa, na badala yake aliipa ukurasa.

Kijiti namba moja kilifika saa elfu moja Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku mbili kabla sijarudi shule. Tulisimama watu watano: mama, baba aliyeacha cherehani yake, Mkuu, Nyuzi na mimi. Tarakimu ziligeuka bila kelele. Baba alimshika mama bega akasahau kumwachia. Nyuzi alitangaza, "Mia tisa na hamsini kamili," kisha akajifanya anafuta miwani.

"Tukitoe?" Mkuu aliuliza.

"Hapana," mama alisema. "Elfu moja ni yetu sisi. Nataka nijue ya kwake ni ngapi."

Niliondoka kikiwa bado kinaning'inia. Wiki ya tatu ya muhula matroni aliniita ofisini nipokee simu, akasimama karibu, tayari kwa mabaya. Mama alisema tu: "Elfu moja mia nne na kumi na mbili. Kimekatika katikati, safi." Kisha akakata, kwa sababu tayari walikuwa wanamimina panga la kwanza.

Nikapanda juu ya kitanda changu, nikagonga sahani kwa kijiko, nikawatangazia wenzangu msiba na ushindi kwa pamoja, nikaomba dakika moja ya ukimya. Walinijua, wakatazama kwanza chini ya vitanda. Halafu wakasimama, wote thelathini na mmoja, na matroni mlangoni. Mwenzangu wa kitanda cha chini aliuliza kwa mnong'ono marehemu ni nani.

"Ni kijiti namba moja, kazi ya mama yangu," nikasema. "Nyamaza, bado sekunde arobaini."