Vinyama Kwenye Barafu

Katika soko la Busia hakuna aliyemshinda Roselida kwa pua. Samaki aliyetiwa dawa ya mochari ili asioze alimjua kabla gunia halijafunguliwa, na mwenye gunia aliondoka na aibu yake. Miaka ishirini na sita aliuza samaki wa barafu tupu, na jambo hilo lilimpa kiburi kidogo. Wacha tuseme ukweli, hakikuwa kidogo.

Basi fikiria alivyoshtuka siku alipopewa chupa ya kupeleka maabara, Kisumu. Ndani mlikuwa na vinyama vitatu vyembamba kama nyuzi, vilivyotolewa kwa sindano kwenye uvimbe wa titi la bintiye Vivianne, karani wa ofisi ya kliaringi, ya kupitisha mizigo mpakani kule Malaba. Daktari Ochom alikuwa ameonya chupa isifunguliwe. Lakini kifuniko kilikuwa kimelegea, na harufu ikamfikia: dawa ile ile. Nyama ya mwanawe aliye hai, imelowekwa kwenye dawa ya maiti! Moyo ulimkataa. Alikwenda nyuma ya kibanda chake akaimwaga dawa hiyo, akavisuuza vile vinyama kwa maji safi, akavirudisha chupani na kuizika chupa kwenye barafu, kwa uangalifu ambao hata mbuta wa kilo ishirini hakuwahi kuupata. Jioni alirudi kutoka Kisumu ameridhika kabisa.

Baada ya wiki tatu daktari aliwaita wote wawili.

"Vivianne, majibu haijakaa vizuri," alisema. "Hizi seli zimejipanga ovyo, zinafanana na kansa. Lakini kuna uvimbe mzuri tu ambao unaiga kansa, hata mimi unanidanganya. Sasa maabara huweka rangi maalum ya kutafuta seli za ukingo, zile zinazunguka mifereji ya maziwa. Rangi ikishika, ukingo uko, hiyo si kansa. Ukingo ukikosekana, tunaogopa."

"Na rangi ilishika?"

"Haikushika mahali popote. Lakini wanasema nyama yenyewe iliharibika, kama ilikaa bila dawa, ikaganda. Kwa hivyo hatuwezi kuamini."

"Na kama wangeamini?"

Daktari aliikunja karatasi ya majibu. "Pengine tungekuwa tunapanga kukata titi."

Roselida angeweza kunyamaza. Lawama ingeenda kwa watu wa Kisumu, ambao hakuna aliyewajua, na mambo yangeishia hapo. Akatazama sakafu.

"Ni mimi, daktari. Nilimwaga hiyo dawa. Ilinuka mochari. Sikutaka mtoto wangu akae ndani yake."

Hakuthubutu kumtazama Vivianne. Alisubiri maneno makali, na aliona anayastahili yote. Badala yake akasikia kicheko kidogo, kilichokuwa na machozi ndani yake.

"Mama, uliniweka kwa barafu na hao samaki wako wa ngege?"

"Ngege walikuwa upande mwingine."

Daktari Ochom alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Kisha akawaeleza polepole kwamba dawa ile ndiyo inayozuia nyama kuoza hadi rangi zipate cha kushika, na kwamba kosa lilikuwa lake pia, kwa kukataza bila kueleza.

Sindano ikarudiwa. Vivianne aliuma mdomo, na Roselida, aliyemshika mkono, akauma wake. Alipopewa chupa ya pili aliikaza kifuniko, akajifunga leso puani na kuifikisha Kisumu kama alivyoipokea. Siku zilizofuata aliwapunja wateja na kuwazidishia bila kujua, maana akili haikuwa kwenye mizani.

Majibu yalipokuja, daktari aliwageuzia kompyuta. Vijiduara vilijaa kwenye picha, na kila kimoja kilikuwa kimezungukwa na mstari wa kahawia.

"Hizo ndizo seli za ukingo," alisema. "Ziko zote. Si kansa. Titi linabaki. Tutakuwa tunauangalia huo uvimbe kila miezi sita, basi."

Roselida alitoka nje akakaa kwenye benchi la kliniki, akalia bila kujificha. Vivianne akaketi karibu naye, akauchukua mkono wa mama yake na kuuingiza chini ya sweta. Kwa miezi mitano Roselida alikuwa amempikia, amemfulia na kumwombea, lakini kuugusa ule uvimbe alishindwa.

"Shika, mama. Ni hapa."

Vidole vya Roselida vilipapasa kwa woga, vikatulia.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu."