Ukurasa wa Kumi na Mbili, Ukurasa wa Kumi na Tatu

Vumbi la chaki lina mwendo wake, Shangazi. Ukiandika asubuhi, dirisha likiwa wazi, huteremka taratibu ndani ya mwanga, kana kwamba halitaki kufika chini. Ubao wako uko sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika picha za harusi. Nililiona vumbi hilo kabla sijakuzoea, nilipokuja kukaa kwako, msichana aliyeishia darasa la tano, nisiyeweza kuomba chumvi mezani bila kuinamisha kichwa.

Wewe ni mtu wa kiini cha atomu. Kitu kidogo ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona, nawe umekifuata miaka arobaini kwa chaki na karatasi. Wenzako wa maabara, wenye mashine zao, walikutania kuwa wewe ni fundi usiye na spana. Baba, kaka yako, alisema umesoma hadi umepitiliza. Ulicheka, ukaendelea kuhesabu.

Ulihesabu ukiwa mwanamke pekee darasani. Ulihesabu ukiwa mhadhiri msaidizi, na mitihani ya watu mia tatu ya kusahihisha. Ulihesabu makala yako iliporudishwa mara mbili. Mara ya tatu ikapokelewa, ikakupa uprofesa.

Kisha macho yakaingia ukungu. Daktari alitaka usubiri upasuaji, mchapishaji hakutaka kusubiri: alikitaka kitabu cha kazi zako zote. Ukaniita.

"Kimya," ukasema, maana ndilo jina uliloniita, "unajua kuchora?"

Nikachora. Hesabu zako nilizichora kwa kalamu nene, kubwa kubwa, uweze kuzipitia. Herufi zenye mikia, herufi zenye kofia, nyoka aliyesimama wima. Sikuelewa, nilinakili tu. Kurasa mia, kurasa mia mbili. Sikuelewa, nilinakili tu.

Hadi nikafika kwenye makala ile ya uprofesa. Mwisho wa ukurasa wa kumi na mbili palikuwa na kistari cha kutoa. Juu ya ukurasa wa kumi na tatu, mstari uleule umerudiwa, kistari hakipo. Nikafunua, nikafunika, nikafunua tena. Kutoa nakujua, shule ilinifikisha hapo.

Siku tatu kistari kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi ni nani hata nimsahihishe profesa? Na ikiwa ni kweli, kitabaki nini cha miaka yako?

Siku ya nne, kabla kitabu hakijaondoka, niliweka kurasa mbili mbele yako. Nikaonyesha kwa kidole.

Ulizisogeza karibu na pua. Ukazipitia mstari kwa mstari hadi chai ikapoa. Kisha ukasimama ubaoni, ukahesabu juma zima, mimi nikikusomea herufi moja moja. Nusu ya jibu lililokupa jina ikaanguka.

"Miaka ishirini na sita nimekaa ndani ya kosa," ukasema, "wala paa halikuvuja."

Nililia, Shangazi. Nilikusihi tuache kama ilivyo. "Hakuna aliyeona," nikasema.

"Umeona wewe."

Basi ukanitamkia barua ya kukiri kosa, ya kwenda kwenye jarida lililoichapisha makala ile, nami nikaiandika, mistari sita, bila kisingizio hata kimoja.

Leo asubuhi umenishika mkono hadi ukumbi wa mihadhara. Umewaambia wanafunzi wako ulipokosea. Mmoja amecheka, umemngoja amalize. Kisha umeninyooshea chaki mimi, mbele ya wote, niuandike mstari na alama yake mahali pake.

Naandika. Vumbi linateremka ndani ya mwanga, taratibu, linatua juu ya vidole vyangu. Na nyuma yangu nasikia watu mia moja wakifungua madaftari, wakinakili.