Majina ya Ng'ambo ya Ruvuma

Niiteni mjinga, sitabisha. Miaka kumi na mitano nilikuwa mpiga chapa wa ushirika hapa Newala na sikupoteza hata barua moja. Ushirika ulipokufa tukapunguzwa kazi, nami nikaangukia ofisi ya mradi wa maji kule Kitangari. Huko nikakuta kompyuta. Wakanifundisha siku tatu: kuiwasha, kuandika, kutoa barua kwenye karatasi, basi. Yaliyobaki aliyamaliza mwenyewe mkuu wangu, Bwana Awadhi.

Mama yangu, Regina, alivuka Ruvuma wakati vita vya Msumbiji vinaanza, mimi nikiwa mgongoni. Alikuwa amegombana na kaka yake, akaondoka bila kuaga. Miaka thelathini na mitano hakutaja jina la mtu wa kwao. Mwaka 1999 kifua kilipomzidi ndipo akaniita. Alitaka akifa ndugu zake wapelekewe habari, maana kwetu Wamakonde watu wa upande wa mama ndio wenye msiba. Aliogopa kuzikwa kama mtu aliyeokotwa njiani.

"Nitasema mara moja," aliniambia. "Na usibadilishe hata jina."

Jumamosi Bwana Awadhi akatuachia ofisi. Mama akakaa kwenye benchi na kitenge chake, akasema saa tatu nzima: kaka yake, watoto wa dada zake, kijiji, njia ya kufika, nani aulizwe kwanza. Mimi nikachapa. Sasa mpiga chapa hasikilizi, jamani, vidole ndivyo vinavyosikiliza. Ukiniuliza nusu saa baadaye nimechapa nini, sijui.

Wino wa kutolea karatasi ulikuwa umekwisha, mwingine ungefika Jumatatu. Nikabonyeza alama ya kufungia, kama nilivyomwona Bwana Awadhi akifanya. Kompyuta ikaniuliza swali kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini neno la mabadiliko nililijua. Nikakasirika kweli. Mabadiliko gani? Nani kakwambia nataka kubadilisha? Nikabonyeza hapana.

Mama akauliza imesemaje. Nikamwambia ilitaka kubadilisha maneno yake, nimeikatalia. Akacheka mpaka akakohoa, akasema nimefanya vizuri.

Jumatatu wino ukafika. Nikafungua kompyuta, hamna kitu. Nikaizima, nikaiwasha. Nikabonyeza kila kitufe chenye herufi na kisicho na herufi. Nikaandika upya kichwa cha habari, nikidhani yaliyobaki yatafuata. Kwenye mashine ya chapa, barua ikipotea unachomoa utepe, unauangalia kwenye mwanga, unasoma ulichogonga. Basi na mimi nikazunguka nyuma ya kompyuta kutafuta utepe. Nikakuta nyaya na vumbi. Nikakaa sakafuni nikalia.

Jioni mama akauliza kama karatasi imetoka. Nikamwambia tayari, mama, ipo ofisini. Nilisema hivyo Jumatatu, nikasema Jumanne. Kichwani nilikuwa na majina matatu tu, na sikujua lipi ni la mtu na lipi ni la kijiji.

Jumatano nikampata kwa simu Bwana Mahmudu, fundi wa Mtwara aliyetufundisha. Nikamweleza yote.

"Mama Ethel, ile ilikuwa inakuuliza kama uyatunze uliyoandika. Ukasema hapana."

Nikamuuliza hakuna namna? Akasema hakuna.

"Lakini huyo bibi si yupo? Mwombe aseme tena."

Yupo, nikasema. Nikarudi nyumbani na maneno mdomoni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso umetulia, nilikuwa sijamwona hivyo tangu nizaliwe. Akaniambia sasa hata akifa leo hana deni na mtu. Ningemwambiaje? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake aliamka hawezi kumaliza sentensi, nikaona nisimchoshe. Ijumaa asubuhi akafa.

Baba mdogo wangu, Benedikto, mdogo wa mume aliyemwoa mama hapa Newala, ndiye aliyesimamia msiba. Swali lake la kwanza lilikuwa kama watu wa ng'ambo wameambiwa, maana marehemu alishamweleza kwamba majina yao ninayo. Watu wote wakanitazama.

"Wameambiwa," nikasema.

Basi wakasubiri. Kaburi lilichimbwa Ijumaa hiyohiyo, likalala wazi. Wanawake wakapika chakula cha wageni kwa maji ya ndoo za kubebwa kichwani. Wazee walikaa wakiangalia barabara, kila gari likisikika wanasimama. Nami nilisimama nao. Jumamosi alasiri mwili ukawa hauwezi kungoja tena.

Padre alipomaliza, baba mdogo akauliza nani atasimama kwa niaba ya watu wa upande wa mama wa marehemu. Hakusimama mtu. Akauliza tena. Kisha akainama juu ya jeneza.

"Regina, shemeji yangu, utusamehe. Ndugu zako tumewaita, wamekukataa."

Wanawake wakaangua kilio. Mimi nikaokota udongo, nikautupia kaburini.