Kamati ya Damu ya Munira

Ukoo wa Mzee Mbwana wa Tabata haujui kufanya jambo bila kamati. Harusi kamati, hitima kamati, mtoto akimaliza darasa la saba kamati. Kwa hiyo Munira alipoambiwa na daktari kwamba uvimbe kwenye kizazi chake lazima utolewe, na kwamba ndugu wajiandae kuchangia damu, hakuna aliyeuliza damu ya aina gani. Waliuliza mwenyekiti nani. Na swali hilo waliliuliza kwa adabu tu, maana mwenyekiti ni mmoja tangu enzi na enzi, Mjomba Mbwana mwenyewe.

Badru, mdogo wake Munira wa tumbo moja, alipewa kazi ya kuleta viti. Yeye ni fundi seremala wa Keko, na katika kamati za ukoo ule fundi seremala hana wadhifa mwingine. Alipothubutu kusema kwamba naye angependa kuchangia damu, kikao kizima kiliangua kicheko. Tangu utotoni Badru hajawahi kumaliza mwezi bila mafua. Koo, masikio, kifua, vyote vimemuuguza kwa zamu. Wenzake Keko walisema ni vumbi la mbao, ingawa vumbi hilo wanalivuta wote na anayepiga chafya ni yeye peke yake.

"Wewe utampa dada'ko damu au kamasi?" mjomba akamuuliza. "Kaa na viti vyako, baba."

Badru akacheka pamoja nao. Ilimuuma, lakini angefanyaje? Mjomba ndiye aliyewalea yeye na Munira baba yao alipofariki, na mtu aliyekulea humjibu mbele za watu.

Lililomkosesha raha hasa lilikuwa jingine. Miaka sita nyuma, Munira alipojifungua mtoto wa pili, alitundikiwa damu, na kabla chupa haijafika robo uso ulimvimba na pumzi ikamkata. Badru alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Munira alinusurika chupuchupu. Ukoo ukaketi, kwa kamati, ukaamua kuwa kile kilikuwa kijicho cha wifi. Daktari wa safari hii, Daktari Avelina, hakuwa na habari na wifi. Aliposimuliwa tukio lile aliandika kipimo ambacho hakuna nyumbani aliyewahi kukisikia, cha kuangalia kiwango cha IgA kwenye damu, akasema hashiki kisu kabla hajayaona majibu.

Majibu aliyafuata Badru maabara kwa pikipiki. Aliyapiga picha kwa simu kabla ya kuyafikisha, si kwa ujanja, ila kwa kuwa kila karatasi anayoibeba huishia kulowa gundi.

Mjomba akavaa miwani, akaisoma karatasi mbele ya kamati: chini ya 0.05, na pembeni imeandikwa kwamba kawaida ni kati ya 0.7 na 4. Mjomba amestaafu ukarani wa bandarini, na mtu aliyesoma karatasi za makontena miaka thelathini hawezi kushindwa na karatasi moja ya damu.

"Imepungua," akatamka. "Kitu kilichopungua kinajazwa. Mgonjwa asiambiwe, atakufa na mawazo. Na daktari asiione kwanza, ataahirisha bure. Tujaze, halafu tumwambie iko sawa."

Kumficha mgonjwa majibu yake ni mapenzi, kila mtu kwao anajua hivyo. Kumficha daktari ulikuwa ubunifu wa mjomba mwenyewe, na kamati ikaupitisha kwa kauli moja.

Kwa wiki mbili Munira alinyweshwa juisi ya rosela asubuhi na ya bitiruti mchana, akalishwa maini, mchicha na uji wa lishe wenye kila nafaka iliyopata kuota bara na visiwani. Mkojo ukageuka mwekundu, naye akaamini kweli anakufa. Mjomba akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Dalili njema. Damu inafurika." Wanaume kumi na wanne wa miraba minne wakajiandikisha kuchangia, na wakachapishiwa fulana zenye picha ya Munira akitabasamu.

Badru akawa anaweka randa chini kila mara ili aitazame ile picha kwenye simu. Aliogopa. Aliogopa kumzika dada yake, na, kwa aibu yake mwenyewe, aliogopa pia kuonekana anajua kuliko mjomba.

Siku ya kulazwa ikafika. Wodini Daktari Avelina akauliza majibu ya kipimo yako wapi.

"Yako sawa, daktari," mjomba akasema, amejinyoosha mbele ya fulana zake kumi na nne. "Karatasi imebaki nyumbani, lakini namba ni nzuri."

Daktari akachukua kalamu aiandike namba hiyo. Badru akamtazama Munira pale kitandani, akaona uso ule uliovimba miaka sita nyuma.

"Nisamehe, mjomba," akasema, akampa daktari simu.

Daktari alisoma, akasoma tena, akavuta kiti akaketi. "Hii ndiyo nzuri?"

"Tulikuwa tunaijaza," mjomba akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa bitiruti."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, hii haijazwi. IgA ni kinga inayokaa puani, kooni, kifuani na tumboni, kama mlinzi getini. Kuna watu wanazaliwa hawana mlinzi huyo, na wengi wanaishi vizuri hata hawajui. Munira ni mmoja wao. Sasa damu ya vijana hawa imejaa walinzi ambao mwili wake hauwajui. Ikiingia, mwili unaweza kuwapiga kama wezi. Mara ile alivimba. Safari hii angeweza kufa mezani kwangu."

"Kwa hiyo wifi hakuhusika?" shangazi mmoja akauliza.

"Tutaahirisha," daktari akaendelea. "Damu ya akiba itaoshwa maalumu kuwatoa walinzi hao. Lakini ningependa zaidi mtu mwenye upungufu kama wake, na huwa tunaanza na ndugu. Kuna ndugu yake wa tumbo moja? Pengine anayeuguaugua mafua, masikio, kifua?"

Fulana kumi na nne zikageuka, Munira akitabasamu kwenye kila moja, zikamtazama fundi wa viti.

Jioni ile mjomba alimtoa Badru kwenye kundi la WhatsApp kwa utovu wa nidhamu. Wiki iliyofuata majibu ya Badru yalitoka: chini ya 0.05, na kundi la damu lile lile la dada yake. Akangoja kifua kikauke, akalala kwenye kitanda cha benki ya damu, akatoa chupa moja.

Siku ya operesheni, Munira aliporudishwa wodini, chupa hiyo ilitundikwa juu yake. Badru alisimama tena miguuni pa kitanda, akimkodolea macho usoni, midomoni, kwenye kope, shingoni. Robo ikapita. Nusu ikapita. Chupa ikaisha na uso ukabaki uso wa dada yake. Hapo ndipo Badru alipochuchumaa sakafuni akalia kama mtoto, na safari hii kamasi zilikuwa na sababu.

Kesho yake Munira alikuta ujumbe wa mwenyekiti kwenye simu, akausoma kwa sauti. "Kamati inatangaza kwamba operesheni imefanikiwa. Tunawashukuru wajumbe kumi na wanne kwa moyo wao, waliochapisha fulana, na akina mama wa bitiruti. Mwisho, tunamshukuru ndugu Badru kwa viti."

Alicheka hadi akashika mshono, kisha machozi yakamtoka, akaunyoosha mkono ukaupata wa mdogo wake.

"Badru," akasema, "hata viti hukuleta."