Miguu Kutoka Kilolo

Lea alikuwa juu ya stuli, akishusha viatu vya wazi kutoka kwenye misumari ya kibanda chake, pale bajaji iliposimama mbele na mume wake Selestini akateremka akiwa amembeba mama yake mgongoni.

Mwezi wa sita ulikuwa umeingia na Ipogolo yote ilikuwa imejikunyata. Upepo ulishuka kutoka mjini kule juu, ukapiga maturubai ya malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, na wanawake ambao juzi tu walikuwa wakiulizia sandozi za kamba za rangi ya dhahabu sasa waliulizia buti. Lea aliyajua majira kwa miguu. Mwezi wa kumi na mbili, wakati wa harusi na sikukuu, ulikuwa wa mchuchumio na rangi za kucha. Masika yalikuwa ya yeboyebo, na fangasi katikati ya vidole. Baridi ikija ni buti na raba, na ndani yake magaga, visigino vilivyopasuka ambavyo hakuna mwanamke anayetaka vionekane. Ndiyo maana nyuma ya viatu, kwenye kona iliyozibwa kwa pazia la kitenge, alikuwa na benchi, beseni, jiko la mkaa na jiwe la kusugulia. Mbele aliuza viatu. Nyuma aliitengeneza miguu ya kuvivaa.

"Mama Prisca, nisaidie," Selestini alimwambia Lea huku akihema. "Mama hawezi kukanyaga."

Lea aliruka chini. Mama Faustina, mwanamke wa Kilolo aliyezoea kubeba gunia la viazi kichwani kama mtu aliyevaa kofia, alikuwa ameuma midomo. Miguu yake ilikuwa imefungwa khanga mbili kuukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, akiangalia viatu vilivyobaki ukutani.

Habari ilikuwa fupi. Mvua nzima alikuwa akiingia shambani na gambuti lililotoboka, maji yakiingia asubuhi na kukaa humo mpaka jioni. Kisha baridi ikakausha kila kitu, na visigino vikapasuka mpaka nyama ikaonekana. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempa dawa, akamwambia akae mahali pakavu, asikanyage tope, miguu isafishwe kila siku, la sivyo vidonda vitazama ndani na safari itakayofuata itakuwa ya hospitali kubwa. Nyumbani Kilolo aliishi peke yake, na hakuna tope aliloliona akalipita bila kulishikia jembe. Kwa hiyo Selestini, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba matairi ya malori hapo hapo Ipogolo, alikwenda kumchukua.

Kukaa kwa mkwewe hakukuwa jambo rahisi kwa Mama Faustina, na wala kwa Lea. Miaka mitano nyuma Lea alipopelekwa Kilolo kutambulishwa, msichana wa Kinyakyusa kutoka Mbeya aliyevaa gauni refu la heshima, upepo ulipeperusha pindo, na mguuni kikaonekana kikuku chembamba cha fedha, pambo ambalo Kilolo lilihesabiwa la wanawake wa baa. Mama Faustina alimgeukia wifi yake na kusema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mguu wa baa huo. Mnaniletea mguu wa baa." Tangu siku hiyo alimsalimia Lea, alikula chakula chake, alimpenda mjukuu wake Prisca kupita kiasi, lakini jambo lolote la kumwambia Lea alilipitishia kwa Selestini, hata kama Lea yuko hapo hapo anasikia. Lea naye hakukivua kikuku, na hakueleza kwa nini.

Siku za kwanza mama alikataa kuguswa. Asubuhi alibebwa mpaka kibandani ili asikae nyumbani peke yake, akawekwa kwenye benchi nyuma ya pazia karibu na jiko, na hapo akabaki na rozari yake.

"Mwambie mwenzio," alimwambia mwanawe, "miguu yangu nitaiosha mwenyewe. Mkwe hashiki miguu ya mama mkwe. Ni aibu."

Na kweli aliiosha mwenyewe, kwa kujikunja na kuguna, vidole vikifika nusu tu ya pale palipotakiwa. Lea alimsogezea maji ya uvuguvugu, chumvi na taulo, akatoka nje.

Alasiri moja Lea alikuwa mbele, akimshawishi mwalimu mmoja kwamba buti lenye soli nene humfaa mtu anayepanda vilima kwenda kazini, aliposikia sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa meno. Akafungua pazia. Mama Faustina alikuwa ameshika wembe. Alikuwa anajikwangua ngozi ngumu ya kisigino kama mtu anayemenya muhogo, na maji ya beseni yalikuwa mekundu.

Lea hakupiga kelele. Alimwomba mwalimu arudi kesho, akafunga mlango wa mbele, akaja kupiga magoti mbele ya benchi.

"Mama, nipe wembe."

"Niache."

"Nipe, mama. Ukikata hiyo ngozi inarudi ngumu zaidi. Na hapa umeshaingia kwenye nyama."

"Nimesema ni aibu!" Kwa mara ya kwanza kwa miaka mitano, ukiacha salamu, alikuwa anamjibu moja kwa moja, na wote wawili walishtuka. Mama akashusha sauti. "Wewe ni mkwe wangu."

"Basi leo mimi si mkwe. Mimi ni fundi, wewe ni mteja. Mteja akishakaa kwenye benchi hili hana ukoo."

Damu ilikuwa inadondoka taratibu kwenye beseni. Mama Faustina akafungua kiganja, na Lea akauchukua wembe na kuutupa kwenye kopo la taka.

Alimwaga maji yale, akachukua mengine. Alifunga kile kilichokatwa mpaka damu ikakoma, ndipo akaanza na mguu mwingine. Aliuinua kwa mikono miwili, akaushusha majini polepole, na akahisi jinsi ulivyokuwa umekakamaa, unasubiri kuumizwa. Hakusugua. Siku hiyo alilowesha tu. Alipitisha kitambaa laini kwenye mipasuko, akaondoa udongo mwekundu uliokaa humo tangu masika, akakausha katikati ya kila kidole, akapaka dawa ya zahanati pale penye kidonda na mafuta ya mgando pale penye ngozi nzima. Kidole kidogo cha mguu wa kulia hakikuwa na kucha.

"Hiki kilifanywa nini, mama?"

Mama Faustina akakohoa. "Viatu vya harusi."

"Vya kwako?"

"Vya kuazima. Vya binti wa katekista. Vyeupe, vina kisigino hivi," akaonyesha kwa vidole, "na mimi sijawahi kuvaa hata ndala. Vilikuwa vidogo. Nikasema sivivui mpaka misa iishe. Misa ikaisha, ngoma ikaanza. Nimecheza navyo mpaka jua likazama. Nilipovivua kucha ikabaki ndani." Mabega yakaanza kumtikisika, na Lea akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Nikavirudisha na kucha ndani. Sikusema."

Lea naye alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kila siku. Vidonda vilipofunga, jiwe likaanza, kidogo kidogo, kwa mwelekeo mmoja, na mama akawa anasogea mwenyewe mbele ya benchi kabla hajaambiwa. Usoni hakusema kitu, lakini miguu ilisema: ililegea, ikawa mizito mikononi mwa Lea kama mtoto aliyesinzia.

Benchi lilikuwa moja, na wateja walikuja. Alikuja Yusta, dada anayehudumu kwenye baa ya wenye malori, na kucha zake nyekundu zilizobanduka nusu. Lea aliona mama mkwe wake akikaza khanga. Yusta alivua viatu, mchuchumio wa kazini, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka alama ya mkanda wa kiatu ilikuwa imezama kwenye ngozi.

"Shikamoo bibi. Samahani nakubana."

"Marahaba." Mama aliitazama ile miguu bila kificho. "Unasimama tangu saa ngapi?"

"Tangu kufungua mpaka wateja waishe, bibi. Bosi hataki tukae. Na hataki ndala, anasema zinashusha hadhi ya baa."

"Mama yako anajua?"

"Mama yuko Ubaruku, kwenye mpunga. Yeye naye yuko kwenye maji kutwa nzima, miguu yake ndiyo usiseme." Yusta alitabasamu. "Mimi angalau yangu mikavu."

Baadaye Lea alipogeuka kutafuta taulo, alikuta Mama Faustina ameisogeza stuli kwa mguu wake uliopona, ameiweka chini ya miguu ya Yusta ili ikae juu, na wote wawili wanakula mahindi ya kuchoma kutoka kwenye karatasi moja.

Jumapili moja baada ya misa, Selestini alikuja kibandani akiwa amevaa shati lake zuri, akakaa kizingitini. Lea alikuwa amepiga magoti akimpaka mama mafuta, na kikuku kikawa wazi kifundoni mwake. Mama alikiangalia.

"Na hiki," alisema, akimwambia Lea mwenyewe, "alikuvisha nani?"

Lea akainamia mguu. Selestini akajikuna shingo.

"Mimi, mama," alisema.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyemnunulia. Mbeya, pale Mwanjelwa, nilipokuwa nafanya kazi kule. Mshahara wangu wa kwanza. Nikamwambia asikivue. Siku ile Kilolo nilitaka kusema, yeye akaniambia nyamaza. Akasema, 'Mama akinikasirikia mimi mkwe, atazoea. Akikukasirikia wewe mwanawe, atabaki na nani kule juu?'"

Jiko lilitoa mlio mdogo wa mkaa unaopasuka. Lea hakuinua uso. Alihisi mkono wa mama umetua juu ya kilemba chake, ukakaa hapo, mzito, wenye sugu, bila kujua la kufanya baada ya kufika.

"Umenunua kimoja?" mama aliuliza hatimaye. "Na ana miguu miwili?"

"Vinauzwa kimoja kimoja, mama."

"Ubahili wa baba yako huo," alisema Mama Faustina.

Mwishoni mwa mwezi wa saba muuguzi aliitazama miguu na kusema mama anaweza kurudi nyumbani. Lea alikuwa ameshamchagulia kila kitu: gambuti jipya la kuingilia shambani, soksi za pamba za kubadilisha, na buti fupi la ngozi, pana mbele, lililotoka kwenye belo la mitumba la Mbeya na ambalo alilificha wateja wasilione. Mama alivaa buti, akatembea kutoka pazia mpaka mlangoni na kurudi. Alikubali kwa kichwa. Kisha akasimama mbele ya gunia lililokuwa na viatu vya msimu uliopita.

"Na vile?"

Zilikuwa simpo, viatu visivyo na kisigino kirefu, za rangi ya damu ya mzee, zenye utepe mbele.

"Hizo za kiangazi, mama. Utapata baridi."

"Sitavaa shambani. Nitavaa kanisani." Akasita. "Kama zipo za namba yangu."

Zilikuwepo. Lea alipiga magoti kumvisha, na mguu ukaingia bila kusukumwa, kisigino laini kikakaa mahali pake. Mama Faustina aliinua pindo la kitenge kidogo, akajitazama miguuni, akageuza mguu upande huu na upande ule, kama msichana.

Selestini alipokwisha kupakia mizigo kwenye gari, mama alirudi mpaka mlangoni. Alimshika Lea mikono yote miwili, ile mikono iliyonuka mafuta na chumvi.

"Ndaga," alisema. Ndilo neno la shukrani alilomsikia Lea akimwambia mama yake kila alipompigia simu Mbeya. Alilitamka vibaya, kwa ulimi wa Kihehe. "Si ndivyo mnavyosema kwenu? Ndaga, mwanangu."

Lea alisimama barabarani mpaka gari likapotea kwenye kona.

Mwezi wa nane ukaja na upepo wake. Yusta alikuwa kwenye benchi, miguu ndani ya maji, simu ya Lea ilipoita. Mikono ya Lea ilikuwa na mafuta, akabonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka simu benchini, sauti ikiwa wazi.

"Mama Prisca?" Ilikuwa sauti ya Mama Faustina, ya juu, kama anamwita mtu wa ng'ambo ya bonde. "Hivi chumvi ni kiganja kimoja au viwili?"

"Kimoja, mama. Cha nini? Miguu imerudi tena?"

"Si yangu. Yangu mizima." Mtu nyuma yake alisema kitu kwa Kihehe, na wengine wakaangua kicheko. "Ni hawa wa jumuiya. Waliniona kanisani na viatu vyangu, wakataka kuona miguu. Nimewaambia wakae mstari, beseni ninalo moja tu. Mmoja ana kidonda, huyo nimemwambia zahanati kwanza. Subiri, usikate, huyu bibi anataka kutoa mguu na maji hayajapoa."

Hakurudi haraka. Lea alisubiri, jiwe mkononi, na Yusta akainamia simu asikilize. Kutoka Kilolo zilikuja sauti za maji yakimwagwa, mlango ukigonga kwa upepo, wanawake wakibishana nani anafuata, na katikati yao sauti ya Mama Faustina, ya chini sasa, ikimwambia mtu alegeze mguu, alegeze tu, hakuna atakayemuumiza.